Foronya za Santuri

Je, umewahi kukaa nyumbani bila kazi, huku mikono yako haijaambiwa kwamba kazi imekwisha? Simsemi mvivu. Mvivu hana taabu, siku yeye huigeuzia ubavu ikapita. Namsema mtu kama huyu Mshonaji wetu, ambaye tangu amalize shule alikuwa akikaa mbele ya cherehani katika kiwanda cha sare, akishona kola za mashati, kola kwa kola, mpaka akawa anaweza kuzishona huku anatazama dirishani. Siku mota kubwa ya kiwanda ilipoungua, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani, wataitwa. Wakaenda. Hawakuitwa.

Kwanza alifua mapazia. Mapazia yalipokauka akafua mazulia. Akapanga vijiko kabatini kwa urefu wao, kirefu mbele kifupi nyuma, kisha akavikata vifungo vyote vya koti la mama yake akavishona upya, ingawa hakukuwa na hata kimoja kilicholegea. Mama yake alikuwa kitini, ameshika tama, anamtazama tu.

"Kitinda," mama akasema, maana huyu ndiye mtoto wake wa mwisho na jina hilo lilimganda tangu utotoni, "ukimaliza vifungo utanishona na mimi mdomo?"

"Ukiendelea kunicheka, mama, nitaanza leo."

"Basi kabla hujaanza, chukua hii redio uipeleke kwa fundi. Inakoroma kama marehemu baba yako. Tena baba yako ulikuwa ukimgusa bega anageuka, ananyamaza."

Ndivyo alivyofika kwa Fundi.

Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama mtaani. Ndani mlikuwa na meza ndefu, na juu ya meza redio za kila umri, nyingine zimefungwa, nyingine matumbo yako nje. Skrubu zilikaa kwenye visahani, kila saizi na kisahani chake. Mlinuka waya uliochomwa na sabuni ya mikono. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu, shingo imeinama kidogo kwa ajili ya kazi, kucha safi kama za mtu anayekwenda kupimwa. Mtaani walimwita Kimya. Si kwamba hakuweza kusema. Neno lilikuwa likimkaa mdomoni kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni.

Mshonaji alisimama mlangoni na redio yake kwapani, akafungua mdomo kusalimia. Fundi akainua kidole kimoja, taratibu, bila ubaya wowote. Kisha akaonyesha kiti.

Pembeni, juu ya kabati fupi, santuri nyeusi ilikuwa ikizunguka. Sauti ya mwanamke ilijaa chumba kile, sauti nzito iliyotulia, isiyo na haraka ya kwenda popote. Mshonaji akakaa. Alitaka kukasirika, lakini mwanamke yule alikuwa amefika mahali pazuri, akaona amwache amalize. Alipomaliza akaanza wimbo mwingine. Ulipokwisha na huo, Fundi akanyanyua sindano kwa vidole viwili, akavuta pumzi.

"Karibu, dada. Uniwie radhi. Hapa sindano ikiwa chini hatuzungumzi."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Na nyumba ikiwaka moto?"

Fundi akafikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana, mpaka Mshonaji akaanza kuona haya kwa kuuliza.

"Nitanyanyua sindano kwanza," akasema. "Halafu tutapiga kelele."

Mshonaji akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mota iungue, nacho kilimtoka chote kwa pamoja, mpaka skrubu zikatikisika visahanini. Fundi akainama haraka kuitazama redio, lakini masikio yake hayakuwa na pa kujificha. Yalikuwa yamewiva.

"Ni sheria ya babu yangu, baba yake mama," akaeleza akifungua redio. "Alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya dansi. Alipofariki akaniachia sanduku la santuri. Nilipolifungua nikakuta mchwa wamenitangulia. Wamekula majalada yote, wakaacha muziki. Na zile karatasi za katikati zilibanduka kwa unyevu. Kwa hiyo sijui nani anaimba. Wala majina ya nyimbo siyajui. Ninazo sauti tu."

"Na huyu mama wa sasa hivi?"

"Simjui. Mimi namwita Mama Mkubwa. Anaimba kama mtu anayekuita ndani ukale, nawe unataka kucheza."

Mshonaji akakubali kwa kichwa, maana ilikuwa hivyo hasa. "Ule wimbo wake wa mwisho naujua, hupigwa redioni. Nilidhani uko peke yake duniani."

"Huo una ndugu saba," Fundi akasema. "Redio humwita huyo mmoja tu, wengine inawaacha nyumbani. Baadhi yao wako huku upande wa pili." Akaigeuza santuri, akaishika juu ya mashine bila kuiweka. "Utakaa?"

Akakaa.

Usidhani niliyoyasema hapo ni madogo. Mtu aliyezoea wimbo mmojammoja, leo huu kesho ule, siku anapokaa na albamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho ni kama aliyekuwa akimwona mtu dirishani kila siku, halafu akafunguliwa mlango, akakuta kuna vyumba, kuna ngazi, kuna mtu jikoni anapiga miluzi. Mshonaji alirudi nyumbani na redio isiyokoroma, akamwambia mama yake imepona. Kesho yake mchana akaitia tena kwapani.

"Unaipeleka wapi?" mama akauliza.

"Imeanza tena."

"Mbona mimi nasikia vizuri?"

"Inakoroma kwa ndani, mama."

Ikawa hivyo kila baada ya chakula cha mchana. Wakamsikiliza mzee wa gitaa ambaye katikati ya wimbo wa pili alishikwa na kicheko, na wenzake hawakumkatiza, wakamngoja huku wakiendelea kupiga. Wakaisikiliza kwaya ya kina mama, iliyorekodiwa mahali penye mwangwi, na ukitega sikio unamsikia mtoto mchanga akikohoa nyuma yao, halafu anabembelezwa. Wakamsikiliza mpiga tarumbeta, ambaye Mshonaji hakumpenda hata kidogo.

"Huyu anapiga kama anafukuza kuku," akasema sindano iliponyanyuliwa.

"Mvumilie. Upande wa kwanza bado hajapata joto."

"Mimi ningechelewa kupata joto hivyo kiwandani ningefukuzwa."

"Msikilize mara tatu. Ukimchukia bado, sitampiga tena."

Mara ya tatu ilipofika Mshonaji alijikuta jikoni kwao anakoroga uji huku akiuimba wimbo wa tarumbeta kwa pua, na mama yake anamtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa utauliza, watu hawa walizungumza saa ngapi? Walizungumza katika ule muda mfupi wa kugeuza santuri, basi. Sindano inanyanyuliwa, santuri inafutwa kwa kitambaa laini, inageuzwa, na katika kufutwa na kugeuzwa huko ndipo kila mmoja alipotoa aliloweka. Kwa Mshonaji, mwenye maneno mengi, ilikuwa ni adhabu tamu. Alikuwa akiyabana kifuani mpaka yakapungua yale ya ovyo, yakabaki yenye maana. Kwa Fundi ilikuwa rehema tupu. Aliulizwa swali, kisha akapewa upande mzima wa albamu kutafuta jibu.

"Kwa nini hukuoa?" Mshonaji alimuuliza siku moja, santuri ikiwa mkononi mwa Fundi.

Fundi akaiweka, akashusha sindano. Kina mama wa kwaya wakaimba nyimbo zao zote, mtoto akakohoa, akabembelezwa. Sindano ilipopanda, Fundi akasema, "Watu hawana subira ya kuningoja nimalize sentensi."

"Mimi ninayo," Mshonaji akasema, halafu akajitia kutafuta kitu mfukoni, maana neno lenyewe lilitoka kabla hajalipima.

Na wakati sindano iko chini je? Sheria ya babu ilikataza midomo. Macho haikuyataja. Mshonaji alikuwa akitazama spika, Fundi anatazama kazi yake, kisha mmoja anainua macho na kumkuta mwenzake ameshafika zamani. Hapo wa kwanza kushusha huwa ni yule aliyeshikwa. Siku nyingine hakushusha mtu.

Kitu kimoja tu kilimkera Mshonaji. Kwa kuwa majalada yaliliwa, Fundi alizifunga santuri katika magazeti ya zamani, zote sura moja, na ili ampate Mama Mkubwa ilibidi kwanza afungue nusu ya sanduku. Tena gazeti linakwaruza. Mshonaji alisikia ule mkwaruzo, mikono ikamwasha. Nyumbani alikuwa na mfuko wa mabaki ya vitambaa vya kiwandani. Akautoa chini ya kitanda, akavuta cherehani ya mama yake karibu na dirisha.

Alimshonea Mama Mkubwa nguo ya santuri, ya buluu iliyoiva, kitambaa kizito cha suruali, ndani bitana laini ya flaneli. Kina mama wa kwaya akawashonea nyeupe, na juu yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kola, akawawekea kola ndogo ya shati la shule iliyopigwa pasi ikasimama. Mzee wa gitaa akapata ya manjano yenye kifungo kimoja, nacho akakishona kimeenda upande makusudi, yeye ambaye kiwandani hakuwahi kurudishiwa kola hata moja.

Alimpelekea Fundi ile ya manjano bila kusema ni ya nani. Fundi akaishika, akapitisha kidole kwenye mshono, akakigusa kifungo.

"Huyu ni mzee wa gitaa."

"Umejuaje?"

Akachukua muda wake. "Kifungo kimekaa upande. Ndipo anapocheka."

Nami nakwambia, kama Mshonaji alikuwa bado hajaanguka mpaka saa hiyo, hapo alianguka, tena chini kabisa. Alitembea kurudi nyumbani akapita mlango wa kwao, akafika mwisho wa mtaa ndipo akakumbuka kugeuka.

Halafu Shangazi akaja.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yake, mwanamke mnene mchangamfu, mwenye karakana ya kushona mapazia katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alifika na kikapu na habari njema. Kazi zilimzidi, alihitaji mkono anaouamini, na nani zaidi ya binti wa kaka yake? Chumba kipo, cherehani mpya ipo. Jumamosi asubuhi waondoke pamoja. Mama akashukuru mpaka machozi yakamlenga. Mshonaji naye akashukuru, maana utakataaje kazi ukiwa huna kazi? Utasema nini? Kwamba unazo albamu hujazimaliza?

Jumatano akamwambia Fundi, katika kugeuza santuri. "Shangazi yangu amekuja kunichukua. Ana karakana ya mapazia. Jumamosi naondoka."

Fundi akasimama na santuri mkononi. Akaiweka, akashusha sindano, na Mshonaji akakaa kitini roho juu, akijua jibu linapikwa. Mama Mkubwa akaimba upande mzima. Mshonaji hakumsikia. Alikuwa akimwambia Fundi kwa macho: sema neno moja tu, sema nikae, mengine niachie mimi. Sindano ikapanda.

"Huko," Fundi akasema, "mapazia ni mengi?"

Mshonaji akamtazama. "Mengi."

"Ni kazi nzuri."

"Nzuri sana."

Akaondoka na redio yake, akitembea kwa hasira, visigino vinapiga. Upande mzima, akawa anajisemea njiani. Nimempa upande mzima ananipa mapazia.

Lakini mtu hawezi kuacha kazi nusu. Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi alishona nguo za santuri zilizobaki. Ya mpiga tarumbeta ilikuwa ya mwisho, nyekundu yenye mistari, akaitia zipu, kwa hoja kwamba huyu lazima afungiwe. Alipokata uzi wa mwisho akaziweka zote kitandani zimepangana vizuri, akamwambia mama yake anakwenda dukani kununua uzi wa safari. Redio aliiacha mezani. Na miguu, ukijua miguu ilivyo, haikumpeleka dukani.

Mama aliingia chumbani kutafuta sanduku la nguo. Akaziona. Akainua moja, akaigeuza, akaingiza mkono ndani.

"Wifi," akaita. "Njoo uone."

Shangazi akaja, akaishika kitaalamu. Mraba, imekunjwa pindo pande zote, upande mmoja wazi, hii ina kifungo, hii ina zipu, ndani bitana.

"Foronya," akasema. "Foronya za mito ya makochi. Tena za kifahari."

"Lakini sisi hatuna makochi."

"Wifi, mtu hashoni foronya za makochi kama hakuna kochi."

"Nakwambia hatuna."

"Basi yuko mwenye kochi," Shangazi akasema, akakaa kitandani ili wazo limkae vizuri. "Huyu mtoto anaandaa nyumba."

Mama akageuka. Akaitazama redio mezani. Akaiwasha. Ikaimba safi kama siku iliyonunuliwa. "Kumbe," akasema polepole. "Inakoroma kwa ndani." Akazikumbatia foronya zote kifuani. "Vaa viatu, wifi."

Kwa Fundi mlango ulikuwa wazi. Mshonaji alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekuja kuaga na ameshindwa kuaga, kwa sababu alipofika sindano ilikuwa chini tayari. Aliyekuwa akipiga ni mpiga tarumbeta, upande wa kwanza. Mama akaingia kama upepo, foronya mikononi, Shangazi nyuma yake akihema. Mama akavuta pumzi ya kuanzia.

Fundi akainua kidole. Mshonaji, kwa mazoea tu, bila kufikiri, naye akainua cha kwake.

Mama huyu alikuwa hajanyamazishwa na mtu maisha yake yote, wala na mume. Alibaki mdomo wazi kwa mshangao, na mshangao ukamkalisha juu ya sanduku la babu. Shangazi akachukua kiti kilichobaki. Tarumbeta ikaendelea kufukuza kuku wake. Mama alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Shangazi alijitahidi kukunja na yeye, ila mguu wake wa kulia ulimsaliti, ukaanza kugonga sakafu. Sindano ikapanda hatimaye.

"Nimeruhusiwa kusema sasa," mama akauliza, "au nirudi mwaka ujao?"

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi. Karibuni."

"Marahaba. Hizi ni nini?"

Fundi alizitazama, na uso wake wote ukafunguka, maana nyingine hajawahi kuziona. "Ni nguo za santuri, mama."

"Kijana, mimi nimeendesha nyumba miaka mingi. Foronya naijua. Kochi liko wapi?"

Fundi akageuka, akakagua chumba chake kwa uaminifu, kana kwamba huenda lipo na yeye hajaliona. "Sina kochi, mama. Nina viti hivi viwili, na hilo sanduku."

"Hana kochi," mama akamwambia Shangazi, na katika sauti yake mlikuwa na masikitiko zaidi kuliko hasira.

Mshonaji akainuka. Akaitwaa ile ya buluu kutoka mikononi mwa mama, akamtoa Mama Mkubwa katika gazeti lake juu ya kabati fupi, akamtelezesha ndani. Akaingia sawasawa, bitana ikamshika bila kukwaruza. Akamrudishia mama yake.

Mama akaishika kwa muda. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kutoka kona hadi kona, kama anavyofanya mtu anayesoma polepole. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kutunga uzi kwenye sindano. Alipoinua macho, hasira ilikuwa imemtoka, na mahali pake pakawa na kitu kingine.

"Kola zako za kiwandani nimeziona," akasema. "Zilikuwa nzuri. Hii si kazi ile." Kisha akamgeukia Fundi. "Mwanangu anaondoka kesho asubuhi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Una neno?"

Hapo ndipo palipotakiwa neno, na wakati ulikuwapo, sindano iko juu, hakuna sheria inayomzuia. Fundi akafungua mdomo. Neno likaja, likamkaa mdomoni, akalionja. Na wakati analionja, mikono yake, ambayo haikuwa na habari ya yanayoendelea, ikafanya kazi iliyoizoea. Ikaifuta santuri. Ikaigeuza. Ikashusha sindano.

Alipotambua alichofanya, tarumbeta ilikuwa imeshaanza upande wa pili.

Mama akatazama dari. Shangazi akajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka kwa kicheko kisicho na sauti. Mshonaji alifumba macho, akayafumbua. Akamwona Fundi amesimama pale, mdomo wazi, amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe na ufunguo ameuacha ndani. Alitaka kumhurumia. Lakini alikuwa amempa upande mzima Jumatano, na leo tena upande mzima, na basi haliendi kwa nyimbo. Akainama taratibu, akaanza kuvaa viatu alivyovivua chini ya kiti.

"Usiende," Fundi akasema.

Alisema sindano ikiwa chini. Chumba kile hakikuwahi kusikia jambo kama hilo tangu siku sanduku la babu liliposhushwa ndani yake. Mshonaji akabaki na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Sindano iko chini," akanong'ona.

"Najua."

"Hatuzungumzi."

"Babu atanisamehe. Yeye mwenyewe alizungumza sana kabla ya kuoa." Ilibidi apaze sauti, kwa sababu tarumbeta sasa ilikuwa imepata joto na haikujali shida za mtu. "Redio yenu ilikuwa na waya mmoja tu uliolegea. Niliubana siku ile ile ya kwanza. Siku zote ulizoileta baadaye ilikuwa nzima, nami nilikuwa naifungua na kuifunga tu ili usione haya. Jumatano nilikuwa na la kusema. Nililitengeneza upande mzima, likawa zuri, halafu ulivyonitazama likanitoka lote, nikakuta mapazia tu. Mimi sijui kusema haraka. Lakini nikitoa neno silirudishi. Usiende. Nataka kukuoa. Mama, nataka kumwoa. Kochi nitalitafuta."

Shangazi, ambaye kicheko kilikuwa kimemgeukia machozi, akamwinamia mama sikioni. "Wifi, mapazia hata akiwa huku anashona. Vitambaa nitamtumia kwa basi."

Mama akainua kidole, taratibu. "Sindano iko chini," akamwambia.

Mshonaji akakivua kile kiatu. Akakiweka chini ya kiti pamoja na mwenzake, vizuri, visigino sambamba. Kisha akaitwaa kwa mama ile nguo nyekundu yenye zipu, akajiegemeza, akakunja mikono juu yake, akageuka kuisikiliza tarumbeta. Fundi akamtazama. Akangoja. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine, Mshonaji anatikisa kichwa kidogo kwa mdundo, midomo imebana tabasamu lisitoroke. Jasho likamtoka Fundi kwenye paji la uso. Wimbo huo nao ukaisha. Mama alipata mdundo kwenye vidole vyake juu ya sanduku, akajifanya hajui vinafanya nini. Shangazi alikuwa ameacha zamani kujifanya, anacheza na kiti chake.

Ule wa mwisho ulikuwa ndio mzuri kuliko zote, ule wa jikoni, wa uji. Mshonaji aliungoja mpaka pumzi ya mwisho ya yule mtu asiye na jina, mpaka ukabaki mkwaruzo mtupu. Akainuka peku, akapita karibu na Fundi hata bega likagusa mkono, na akanyanyua sindano yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, kama alivyomwona akifanya siku zote.

"Nataka kukaa," akasema. "Hapa, na wewe. Kochi si lazima. Nataka tuzisikilize zote mpaka mwisho, halafu tugeuze, tuanze tena upande wa kwanza."